Dago la Watu 34

Siku zile zile ambazo ndugu zetu wa Maskati huziita kiangazi, kwa kuwa kwao jua huwaka hata kivuli kikakosa faida, sisi wa Unguja huziita kipupwe, na wazee wetu huanza kutoa shali kashani. Na katika tafauti hiyo ya majina ndimo zinamoanzia taabu za mtu aliyetwikwa kazi ya kutafuta nyumba ya pwani kwa ajili ya ukoo mzima. Wa Maskati huja wakilikimbia joto. Wa London huja wakilitafuta. Wa Dar es Salaam huvuka kwa boti ya saa mbili wakiwa na siku tatu tu mkononi, na sisi wa Mjini, ambao bahari tunaiona kila tukienda sokoni, twaenda kwa sababu wao wamekuja. Mwaka huu idadi yetu, kwa hesabu niliyoiandika na kuifuta mara tano, ni watu 34: tisa wa Maskati, sita wa London, kumi na mmoja wa Dar es Salaam na wanane wa hapa. Mkubwa wetu ni shangazi, mwenye umri wa miaka 81, na mdogo ni kitukuu chake cha miezi saba. Na baina ya hao wawili hapana hata mmoja asiyekuwa na picha ya nyumba anayoitaka ndani ya simu yake.

Kazi hii haikuniangukia kwa hekima niliyojaaliwa, bali kwa kuwa nimestaafu, na mtu aliyestaafu, kwa itikadi ya jamaa zake, hana shughuli.

Wavuvi wetu wana neno ambalo naliona latufaa kuliko hili la likizo. Msimu ukigeuka na samaki wakahama, hupakia vyomboni sufuria, unga, mikeka na nyavu, wakaenda kukaa wiki au miezi katika pwani isiyokuwa yao, na kukaa huko huitwa kupiga dago. Mwenye kupiga dago haulizi kama mahali ni pazuri. Huuliza kama pana maji ya kunywa, kuni, kivuli, na pa kuvutia chombo. Wakubwa wa zamani nao walikuwa na dago lao, ingawa la kifahari: Seyyid Said alikuwa na kasri lake la Mtoni, kaskazini ya mji, na binti yake Bibi Salme, katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, ameusimulia kwa urefu wingi wa watu waliokuwa wakikaa mle, kisha Seyyid Barghash akajenga Maruhubi, akawa na Chukwani pia kwa ajili ya upepo wa bahari. Sisi tusiokuwa na makasri tulikwenda shamba wakati wa mavuno ya karafuu, au Chwaka tukipata gari. Nakumbuka nikiwa mdogo gari la mbao likitupeleka Chwaka, magodoro ya sufi yamefungwa juu ya paa, kuku wamefungwa miguu chini ya benchi, na marehemu bibi amekumbatia mbuzi ya kukunia nazi mapajani kama mtu aliyebeba mtoto, kwa hoja kwamba nyumba za watu huwa na kila kitu isipokuwa mbuzi yenye meno.

Mwaka jana tuliyasahau hayo yote. Mpwa wangu wa Maskati, kijana mwema mwenye haraka, aliipata nyumba kwa njia ya simu, pwani ya mashariki, ambayo sitaitaja wala mwenyewe sitamtaja, maana hakutudhulumu: alitupa kila alichotuahidi, na ghalati ilikuwa yetu tuliotaka alichoahidi. Katika picha bahari ilikuwa imefika kwenye ngazi za ua, nayo rangi yake ilikuwa kama ya nili iliyomwagwa katika maziwa. Tuliwasili saa nne za asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, tukashuka garini na wageni wetu na mabegi yetu, tukaikuta bahari haipo. Ilikuwa imekwenda zake, na mahali pake pamebaki mchanga mweupe, vidimbwi, wanawake wa kijiji wameinama katika mashamba yao ya mwani, na mbali kabisa, kwenye mwamba, povu limekaa kama mstari wa chaki. Mtoto mmoja wa London alimwuliza mama yake kama tumechelewa.

Picha ile haikusema uwongo. Ilipigwa saa kumi za jioni.

Hayo ya bahari yalikuwa mepesi, kwa sababu bahari hurudi. Jiko ndilo lililotutesa. Lilikuwa jiko la mtu anayechemsha yai: macho mawili ya umeme juu ya kioo cheusi kinachong'ara, ambacho sufuria la pilau la ukoo mzima, likiwekwa juu yake, lilikifunika chote na kuning'inia pande mbili kama ngamia juu ya mkeka wa kusalia. Kuwasha seredani barazani hatukuruhusiwa, kwa kuchelea cheche zisiruke kwenye makuti ya paa, na hilo, kwa insafu, lilikuwa katazo la haki. Basi wake zetu na dada zetu walipika kwa zamu, sufuria ndogo baada ya sufuria ndogo, tangu baada ya alfajiri mpaka jua la magharibi, na siku ya tatu mke wangu aliniambia, kwa sauti ya upole ambayo mume mwenye akili huiogopa kuliko kelele, kwamba sasa amefahamu maana ya likizo ya familia: ni wanaume kutoka jiko la nyumbani kwenda kula katika jiko la ugenini.

Tanki la maji lilikuwa moja. Watu wakitoka baharini hutaka kuoga wote katika saa moja, na kila mmoja huapa kwamba yeye alitumia ndoo moja tu. Ilipofika saa sita mchana mabomba yalikuwa yakikohoa, na kisima cha uani, kama vilivyo visima vingi vilivyo karibu na ufuko, maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, yafaayo kuoshea miguu na kutilia chooni. Vyumba vilikuwa sita, kila kimoja na kitanda kimoja kikubwa na choo chake, maana nyumba za siku hizi hujengwa kwa ajili ya watu wawili wawili wapendanao. Na katika chumba kilichoitwa kikubwa, ukuta baina ya kitanda na msala ulikuwa wa kioo kitupu. Shangazi alikiona, akanyamaza, akaomba kanga mbili na pini.

Naye hakupewa chumba hicho. Alipewa cha chini, kwa ajili ya magoti yake, ilhali baraza, upepo na mandhari yote yalikuwa juu, ngazi kumi na tisa, bila ya mkono wa kushikia. Kwa hivyo jamaa walikaa juu wakicheka, na watoto wakakimbia baina ya juu na pwani, na mama yetu sote akakaa chini mlangoni juu ya kiti cha plastiki, akiielekea gari iliyotuleta. Jioni ya pili nilimwendea, nikambusu mkono, nikamwuliza kama ana haja yoyote.

"Sina haja, mwanangu," alisema. "Ila nauliza. Mmenileta kuja kuitazama gari?"

Nikamwomba radhi. Akanipokonya maneno: "Usiniombe radhi, sikukasirika. Nakwambia jambo ulitie akilini. Wanaoogelea ni hawa watoto na baba zao wawili watatu, na hao wakifika hapa watakuwa baharini, nyumba hawana kazi nayo. Nyumba ni ya sisi tunaobaki. Mwakani mkitafuta, itafuteni kwa ajili ya asiyeogelea."

Rai hiyo nimeipima kwa miezi kadha wa kadha, na sijaona dosari ndani yake. Anayebaki nyumbani ni mzee, ni mama anayenyonyesha, ni mwenye mimba, ni anayepika, ni mwenye haya ya kuvua buibui mbele ya wageni wa hoteli jirani, na ni yule kijana mmoja katika kila ukoo ambaye hapendi mchanga. Wahesabu, utawaona kuwa ndio wengi. Mwenye kuogelea humtosha mlango. Asiyeogelea anataka baraza iliyo sawa na ardhi, inayoielekea bahari, yenye sitara kwa upande wa njia. Anataka choo cha karibu. Anataka jiko ambalo mtu akisimama ndani yake anawasikia wenziwe wanaozungumza, asijione kama mtumwa aliyefungiwa. Hayo hayamo katika matangazo ya nyumba, ambayo hutaja birika la kuogelea kwanza, na intaneti ya pili, na kiyoyozi ya tatu, kisha yakanyamaza.

Tadbiri ya mwaka huu nikaianza, basi, kwa kalenda. Watoto wa London hufunga skuli zao mwisho wa Julai. Wa Dar es Salaam, kinyume chake, mapumziko yao huwa Juni na hurudi darasani Julai. Wa Maskati wana wasaa mrefu, lakini baba zao wana ruhusa fupi. Mahali pembamba walipoweza kukutana wote palikuwa ni Nane Nane, ambayo mwaka huu wa 2026 inaangukia Jumamosi, hata aliye kazini akaweza kuondoka Ijumaa baada ya sala na kurudi Jumapili jioni bila ya kumwongopea mkubwa wake. Mwisho wa mwezi ulikataliwa na shangazi mwenyewe, kwa kuwa Maulidi yatakuwa katika siku za tarehe 25 Agosti, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi, naye hakubali kuyasikilia Maulidi pwani.

Kisha nikautazama mwezi, jambo ambalo kila mvuvi hulifanya na kila mtangazaji wa nyumba hulificha. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na pia ukipevuka, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tafauti ya juu na chini ikakaribia mita 4, na kwa pwani ya mashariki ya Unguja, ambayo baina ya ufuko na mwamba ni kina kifupi kama sinia, tafauti hiyo ndiyo inayoichukua bahari mpaka macho yakachoka kuifuata. Wakati wa bamvua hapa kwetu maji hukauka kadiri ya saa nne za asubuhi na kurejea yamejaa kadiri ya saa kumi za jioni. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Yaja maji mafu, ambayo hayendi mbali wala hayaji kwa kishindo, na kujaa kwake huwa asubuhi ya saa nne au saa tano, wakati watoto wamekwisha kunywa chai na jua halijawa kali. Sasa, mwezi wa Agosti mwaka huu utakuwa nusu tarehe 6, na mwezi mpya ni tarehe 12. Tukiingia nyumbani Alkhamisi ya tarehe 6 na kutoka Alkhamisi ya tarehe 13, siku za mwanzo zitakuwa za maji mafu, watoto waogelee asubuhi mbele ya macho ya mama zao, na siku za mwisho zitakuwa za bamvua, wakubwa wavae viatu vya mpira, kwa sababu ya ile miiba mirefu myeusi ya baharini isiyosamehe mguu mtupu, wapite mchangani mpaka karibu na mwamba, na wakiwa na adabu wawasalimu kina mama wa mwani bila ya kuwapiga picha. Wiki moja, bahari mbili.

Juu ya mahali palikuwa na mjadala. Vijana walitaka Nungwi na Kendwa, na hoja yao ilikuwa ya kweli, maana huko kaskazini maji hayakimbii, mtu huogelea saa yoyote. Lakini nyumba kubwa zimesongwa na mahoteli, na muziki haulali. Chwaka niliipenda mimi kwa ajili ya kumbukumbu zangu, na kumbukumbu si hoja. Paje upepo wa kusi umewaleta wageni wanaoruka juu ya maji kwa tiara, na shangazi alisema hataki mtu amwangukie. Ikabaki Jambiani, kijiji kirefu chenye nyumba za mawe na makuti, msikiti kila baada ya hatua chache, na watu ambao bado huitikia salamu.

Nilikwenda mwenyewe kuiona nyumba, katikati ya Januari, kwa daladala iliyopita msitu wa Jozani huku abiria wakitafuta kima punju kwa macho na utingo akitafuta nauli. Matapeli wamekuwa wengi, nao huiba picha za nyumba ya mtu wakaikodisha kwa mtu wa tatu ambaye hawajamwona. Dawa yao ni miguu. Ukiwa mbali, mtume jamaa, na asiporidhika jamaa usitume hata shilingi. Nyumba niliyoikuta haina birika la kuogelea. Ina ukumbi mrefu, vyumba vitano, vyote chini bila ya ngazi. Baraza yake yaelekea bahari na ina ukuta wa kimo cha mtu aliyekaa. Na nyuma, uani, pana banda la kupikia lenye mafiga matatu makubwa, rundo la makumbi ya nazi, na paa la bati badala ya makuti. Nilifungua mabomba yote kwa pamoja nikangoja. Nilipanda juu ya kizimba nikayagonga matangi, ambayo ni mawili, nikasikia yamejaa. Nikalala chali juu ya kitanda cha chumba kitakachokuwa cha shangazi, mwenye nyumba akinitazama kwa huruma, nikainuka nikahesabu mpaka msalani: hatua saba.

Habari ya jenereta niliiulizia kabla ya habari ya vitanda. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na yeyote aliyeishi hapa baina ya Disemba 2009 na Machi 2010, miezi mitatu ya kiza, hahitaji kuelezwa sababu. Vitanda havikunishughulisha. Nyumba ina vitanda vinane. Waliobaki watalala chini, wavulana ukumbini juu ya mikeka, wasichana chumba cha kati, kila tandiko na chandarua chake, na wa London nimewaandikia mapema kwamba kulala chini si adhabu.

Na jambo moja sikumwuliza mwenye nyumba, kwa kuwa hakuna mwenye nyumba anayeikosoa nyumba yake. Nilimwuliza jirani, mama mmoja aliyekuwa akianika mwani juu ya jamvi, pwani hapo inakuwaje kusi likivuma, maana Januari ni kaskazi na pwani ya mashariki wakati huo huwa na uso mwingine. "Kusi hapa linapiga, mzee wangu," akasema. "Bahari hutupa majani mpaka mlangoni, na nguo usianike bila ya kuifunga fundo. Lakini usingizi mtaupata." Nikayaandika yote matatu.

Baada ya hapo yalibaki mambo ya fedha, ambayo huvunja udugu kuliko mirathi. Hatukugawa kodi kwa kichwa, kwa sababu kwa hesabu ya vichwa mwenye watoto sita hulipa kuliko tajiri mwenye mmoja. Tuligawa kwa nyumba, kila nyumba kwa kadiri yake, na kiwango cha kila nyumba nakijua mimi na shangazi tu. Fedha zote zinapita mkono mmoja na kila inayotoka ina karatasi. Wenye pasi za kigeni niliwakumbusha bima ya safari ya Zanzibar, ambayo tangu Oktoba 2024 kila mgeni hutakiwa kuilipia, dola 44 kwa mtu mzima. Binamu yangu mmoja aliyezaliwa Mkunazini aliona uchungu kuitwa mgeni, akalipa. Na sheha wa pale nilimwona siku ile ile, nikamweleza tu watu wangapi na siku gani. Si amri ya mtu, ni heshima, na atakayetuuzia samaki dikoni, na mama mmoja wa kijiji atakayewasaidia wake zetu kupika kwa ujira walioupanga wenyewe, nimewapata kwa kauli yake.

Wanaume watapika siku mbili. Azimio hilo halikutoka kwangu, lakini nimelitia sahihi.

Arbuni imekwisha kulipwa, theluthi moja ya kodi, na risiti imo kashani mwa shangazi pamoja na hati za nyumba. Watu kumi na mmoja wa boti wamejulishwa siku na saa. Kilichosalia ni sufuria, kwa kuwa letu kubwa lilitoboka Idi iliyopita. Basi jirani yeyote wa hapa Mjini aliye na la kilo nane, lenye mfuniko wake, namwomba asimwazimishe mtu mwingine kuanzia tarehe 6 hadi 13 Agosti.